Haki ya mjane wa askari iandikwe, isiachiwe huruma



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao mpaka siku ya Kiyama.

Ndugu zangu Waislamu, leo naanza na kosa langu mwenyewe. Mwezi wa Shaaban, baada ya swala ya Alasiri, bibi mmoja wa mtaani kwetu alinisubiri nje ya msikiti, upande wa mlango wa akina mama. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki iliyochakaa. Marehemu mumewe alikuwa askari, alipigana vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniambia: "Ustadhi mwanangu, wewe umesoma mpaka chuo kikuu. Nisomee karatasi hizi, uniandikie barua ya kufuatilia haki za marehemu." Nikaipokea na kumjibu: "Usiwe na wasiwasi bibi, Inshaallah wiki hii hii."

Nikaiweka bahasha kwenye rafu ya vitabu. Ikaingia Ramadhani, nikashughulika na darsa za kila siku. Moja ya darsa hizo ilihusu amana, na nakumbuka niliieleza mpaka baadhi ya wasikilizaji wakafuta machozi. Bahasha ya bibi ilikuwa rafuni. Ramadhani ikaisha, ukapita Mfunguo Mosi, ukapita Mfunguo Pili. Mfunguo Tatu bibi akanifuata tena, akasema kwa sauti ya chini: "Samahani Ustadhi kwa kukusumbua, nilitaka kujua tu kama ile bahasha bado ipo."

Hakuuliza kama barua imeandikwa. Aliuliza kama bahasha ipo. Siku ile niliona haya ambazo sijawahi kuziona.

Usiku huo nikaifungua. Mlikuwa na nakala ya barua ya kustaafu, cheti cha kifo, picha ya marehemu akiwa ndani ya sare, na barua kutoka ofisi moja inayomtaka alete cheti cha ndoa. Cheti hicho hakuwa nacho. Waliozwa na shehe msikitini, mahari yakatolewa, mashahidi wakashuhudia, pilau likaliwa, yakaisha. Mbele ya Allah ni mke halali aliyezaa na kulea. Mbele ya dawati la ofisi ni mtu asiye na karatasi.

Hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo nilikuwa nikilisoma siku zote bila kulizingatia: haki ya askari na familia yake ikiachiwa huruma ya watu, hupotea. Ni lazima iandikwe. Katika Surat Al-Baqara aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Allah (S.W.) anatuamrisha tuyaandike madeni ya muda maalumu, yawe madogo au makubwa. Na askari aliyepelekwa vitani ana deni kwa waliomtuma.

Familia ya mpiganaji katika Sunna

Ndugu msomaji, tuangalie kwanza Mtume (s.a.w.) alifanya nini. Mwaka wa 8 Hijria, Jafar bin Abi Talib (r.a.) alipouawa shahidi katika vita vya Muta, Mtume (s.a.w.) aliamuru ipikiwe chakula familia ya Jafar, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Desturi yetu ya majirani kupeleka chakula nyumba yenye msiba ina asili hapo.

Lakini Mtume (s.a.w.) hakuishia kwenye chakula cha msiba. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Zayd bin Khalid (r.a.), anatufundisha kuwa anayemwandaa mpiganaji katika njia ya Allah amepigana naye, na anayebaki nyuma akaiangalia vyema familia yake naye amepigana. Zingatia daraja hiyo! Kuwaangalia watoto wa mtu aliyekwenda vitani kumewekwa katika mizani moja na kwenda vitani kwenyewe. Na katika hadithi nyingine ya Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.), akiwa kiongozi wa dola, anatangaza kuwa anayekufa na kuacha mali, mali hiyo ni ya warithi wake, na anayeacha deni au wategemezi, mzigo huo ni wake yeye Mtume. Huo ni uongozi unaobeba dhamana ya mayatima wa raia wake.

Daftari la Sayyidna Umar

Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.), katika ukhalifa wake ulioanza mwaka 13 mpaka 23 Hijria, aliigeuza dhamana hiyo kuwa utaratibu. Alianzisha diwani, yaani daftari la serikali la majina ya watu na stahiki zao. Aliwaita wajuzi wa nasaba za Waarabu, akina Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubayr bin Mut'im, wakaandika jina baada ya jina, ukoo baada ya ukoo. Waliopigana Badri walikuwa na fungu lao, waliokuja baadaye fungu lao, na wanawake na watoto hawakusahauliwa.

Imepokewa na Bukhari kuwa Muhajirina wa mwanzo aliwapangia dirhamu 4,000, lakini mwanawe Abdullah akampangia 3,500. Alipoulizwa, alieleza kuwa Abdullah alihama pamoja na wazazi wake, hivyo hawezi kulinganishwa na aliyehama peke yake. Huyo ndiye mtunga utaratibu asiyemwongezea mwanawe hata dirhamu moja.

Na utaratibu wake ulipokuwa na kasoro, aliurekebisha. Vitabu vya tarekh vinaeleza kuwa mwanzoni mtoto alikuwa hapangiwi posho mpaka aachishwe ziwa. Usiku mmoja Umar akiwa katika ulinzi pamoja na Abdurrahman bin Awf (r.a.), alimsikia mtoto akilia sana. Akamwendea mama yake mara kwa mara kumhimiza amtulize, na mwishowe mama akasema, bila kujua anazungumza na nani, kuwa anamwachisha ziwa mapema kwa sababu Umar hatoi posho kwa mtoto anayenyonya. Alfajiri ile Umar aliswalisha huku kisomo chake hakieleweki kwa kilio. Kisha akaamuru itangazwe kila upande kuwa tangu siku hiyo kila mtoto wa Kiislamu ataandikiwa posho tangu anapozaliwa.

Kisa kingine kimo katika Sahihi Bukhari. Mjane kijana alimsimamisha Umar sokoni, akamweleza kuwa mumewe amefariki na kumwachia watoto wadogo wasio na chochote, na kuwa yeye ni binti wa Khufaf bin Ima Al-Ghifari, aliyekuwepo Hudaybiya pamoja na Mtume (s.a.w.). Umar akasimama, hakuendelea na safari yake. Akamtwisha ngamia mwenye nguvu magunia mawili ya chakula, katikati akatia pesa na nguo, akamkabidhi kamba. Mtu mmoja akalalamika kuwa amempa nyingi mno. Umar akamkemea, akamweleza kuwa alimwona baba na kaka wa mwanamke yule wakiizingira ngome kwa muda mrefu mpaka ikafunguka, na kuwa wao waliobaki leo wanagawana matunda ya kazi ile.

Ndugu zangu, jibu hilo linatosha kuwa somo la maisha. Umar hakumwambia yule bwana kuwa huyu ni masikini tumhurumie. Alimwambia kuwa tunachokula ni jasho la baba yake.

Mbunge Muislamu wa Senegal

Huenda akatokea wa kusema kuwa Umar alikuwa Khalifa, zama zake zimepita, na leo mambo yamo mikononi mwa mabunge. Basi nimtolee mfano wa bungeni, tena wa Muafrika Muislamu.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, Ufaransa iliwapeleka vitani maelfu kwa maelfu ya askari kutoka makoloni yake ya Afrika, na wengi wao walikuwa Waislamu wa Senegal, Mali, Guinea, Algeria na Moroko. Baadhi yao walitekwa na Wajerumani mwaka 1940, wakakaa miaka minne kizuizini. Novemba 1944 kundi moja la mateka hao waliokombolewa lilirudishwa Dakar na kuwekwa katika kambi ya Thiaroye. Wakadai malimbikizo ya mishahara yao waliyoahidiwa. Alfajiri ya Desemba 1, 1944 wakajibiwa kwa risasi na jeshi lile lile walilolitumikia. Taarifa rasmi ya Ufaransa ilitaja wafu 35, na wanahistoria wengi wanaamini idadi ya kweli ni kubwa zaidi. Walionusurika, 34 kati yao wakafikishwa mahakama ya kijeshi mwaka 1945 na kufungwa.

Aliyesimama kuwatetea alikuwa wakili Lamine Guèye, Muislamu wa ukoo wa Saint-Louis, mmoja wa Waafrika wa mwanzo wa Afrika Magharibi ya Kifaransa kusomea sheria. Kesi ile alishindwa. Askari wakaenda jela, na wengine hawakutoka mpaka msamaha wa mwaka 1947. Lakini Lamine Guèye hakukaa kulaani giza. Oktoba 1945 alichaguliwa kuwa mbunge katika Bunge la Ufaransa, na humo akaanza kuandika. Sheria ya Mei 7, 1946, inayoitwa kwa jina lake, iliwapa uraia watu wote wa makoloni, ambao kabla ya hapo walikuwa wakiitwa watwana wa dola. Sheria nyingine ya Juni 30, 1950, nayo ikajulikana kwa jina lake, iliweka msingi wa usawa katika mishahara na posho za watumishi wa kiraia na wa kijeshi waliokuwa chini ya wizara ya makoloni, bila kuangalia asili ya mtu.

Tazama alichokifanya. Mahakamani alitetea watu 34 akashindwa. Bungeni aliandika mistari michache, ikawagusa watu wasiohesabika. Hiyo ndiyo kazi ya mbunge: kumfanya mjane asihitaji kumlilia mtu.

Kilichoandikwa kikafutwa

Lakini yapo ya kutuonya. Nchi za Afrika zilipokaribia uhuru, Ufaransa ilitunga sheria ya fedha ya Desemba 26, 1959, ambayo kifungu chake cha 71 kiligandisha pensheni za askari wa nchi hizo katika viwango vya wakati ule. Mfaransa aliyepigana katika handaki moja na Msenegali aliongezewa pensheni kadiri maisha yalivyopanda, mwenzake akabaki pale pale. Na kwa maneno ya kifungu hicho, malipo yalikuwa ya mstahiki mwenyewe kwa uhai wake. Akifa, mjane wake anashika nini?

Dhuluma hiyo ilidumu zaidi ya miaka 40. Novemba 30, 2001 mahakama ya juu ya utawala ya Ufaransa iliamua, katika shauri la sajini mmoja wa Senegal, kuwa ule ulikuwa ubaguzi. Mwaka 2006, baada ya filamu ya Rachid Bouchareb iitwayo Indigènes kuwaliza watu, Rais Jacques Chirac alikubali kuinua baadhi ya malipo. Mei 28, 2010 Baraza la Katiba, katika shauri la familia moja ya Kialgeria, likavitengua vifungu vya kugandisha kwa kuwa vinapingana na katiba, na mwaka 2011 ndipo usawa ukaanza kutekelezwa kwa ukamilifu. Hesabu mwenyewe: aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1944 alikuwa na miaka 87. Wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa na madai yao.

Allah (S.W.) anatuambia, katika hadithi qudsi iliyopokewa na Bukhari, kuwa yeye mwenyewe atakuwa mdai wa watu watatu siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akamaliza kazi yake kwa ukamilifu, naye asimpe ujira wake. Mahakama ya dunia ilichelewa. Ile nyingine haina kuchelewa wala kukata rufaa.

"Lakini walimpigania mkoloni"

Nilipoyaeleza haya katika darsa, kijana mmoja aliniuliza: "Ustadhi, watu wale walipigana kwa ajili ya kafiri mkoloni, iweje tuwalilie?" Swali lake lina uzito na lastahili jibu.

Kwanza, wengi wao hawakuulizwa, walikusanywa. Pili, hukumu ya vita ni jambo moja na haki ya ujira ni jambo jingine. Katika Surat Al-Maida aya ya 8 Allah anatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu, na anatuamrisha tufanye uadilifu kwa kuwa ndio ulio karibu na ucha Mungu. Ikiwa adui hadhulumiwi, seuze baba zetu? Tatu, mjane na yatima hawakupanga vita yoyote.

Na tusidhani haya ni ya Dakar peke yake. Msomaji wa Dar es Salaam, ukipita katikati ya mji utaliona Sanamu la Askari lililozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yapo kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, na yanawaahidi waliokufa kuwa watoto wao watayakumbuka majina yao. Zunguka sanamu lote, hutaona jina hata moja. Kisha teremka mpaka Kariakoo ununue mahitaji yako. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Soko tunalijua. Wapagazi wenyewe, ni nani mwenye daftari la wajane wao?

Sisi tufanye nini?

Nchi yetu ina askari na familia za askari. Wapo wazee wa Kagera. Wapo waliotumwa kulinda amani: Julai 2013 vijana wetu 7 waliuawa Darfur kwa siku moja, na Desemba 2017 kambi yao ilishambuliwa Kivu Kaskazini, Kongo, tukawapoteza wengine zaidi ya 10. Majeneza yalipokelewa kwa heshima na viongozi wakatoa pole. Ila msiba una siku zake, na ada ya shule ya yatima inarudi kila Januari.

Kwa waheshimiwa wabunge, na wamo Waislamu miongoni mwenu: kila mwaka bajeti ya Wizara ya Ulinzi hupita mbele yenu Dodoma. Ulizeni juu ya mjane kwa bidii ile ile mnayoulizia barabara. Ulizeni faili lake linakaa dawatini miezi mingapi. Kumpa bibi kizee kanga na kilo tano za mchele mbele ya kamera ni sadaka, Allah ailipe, lakini hiyo si kazi mliyochaguliwa. Umar alitoa ngamia kwa mkono wake, kisha akabaki na daftari kwa ajili ya wote ambao hakukutana nao sokoni.

Kwa maimamu na kamati za misikiti: tuache kuozesha bila kuandika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya Kiislamu na inataka isajiliwe. Kila ndoa tunayofunga bila cheti ni mlango wa dhuluma tunaomfungulia dada yetu miaka 30 mbele. Tunasema nia ilikuwa njema. Nia njema haisomeki dawatini.

Kwa ndugu zetu mlio jeshini na mliostaafu: andikeni wosia, sajilini ndoa zenu zote na watoto wenu wote, na mwambieni mke karatasi ziko wapi. Kumficha mke stahiki zako kwa kuogopa maneno ya nyumbani ni kumdhulumu ukiwa kaburini.

Na kwa sisi tuliosoma: katika kila mtaa kuna bahasha. Kuisoma na kuandika barua ya ukurasa mmoja hakuhitaji shahada.

Ama kuhusu bibi yetu, nilimwomba radhi, akanisamehe haraka kuliko nilivyostahili. Tumemtafuta mmoja wa mashahidi wa ndoa yake, mzee aliye hai lakini macho hayaoni tena. Tumempeleka kwa hakimu akala kiapo kuwa alikuwepo. Alipoulizwa ana uhakika gani, alitaja mahari, akataja jina la shehe, akataja hata mvua iliyonyesha siku ile. Ofisi imezipokea karatasi na kututaka tusubiri. Tunasubiri, na kila Jumatatu tunakwenda kuuliza. Kabla ya kuikabidhi bahasha ile nilitoa nakala ya kila ukurasa. Nyingine anazo yeye, nyingine ninazo mimi, na safari hii hazipo rafuni.

Tumuombe Allah (S.W.) awarehemu waliotutangulia, awafanyie wepesi wajane na mayatima, awape viongozi wetu hofu ya siku ya kusomewa daftari, na atusamehe sisi tuliokalia amana za watu huku tukihubiri amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.